Mtungi Usiolala

Maiti ilikuwa chali kwenye sakafu ya jikoni, kati ya meza na dirisha, mkono wa kulia umekunjika juu ya kifua. Upande wa kushoto wa shingo palikuwa na jeraha moja tu, na hilo moja lilitosha. Damu ilikuwa imeanza kuganda, imechanganyika na kinywaji cha rangi ya dhahabu kilichonukia matufaha. Vipande vya chupa vilitapakaa mpaka chini ya jiko.

Inspekta alisimama mlangoni bila kuingia. Alikuwa mtu mnene, mzito wa hatua, na koti lake lilikuwa limekosa kifungo tangu mkewe alipofungasha na kuondoka. Hakuwa na tabia ya kuirukia maiti. Maiti haina haraka, alikuwa akisema, wenye haraka ni wakubwa wa makao makuu.

"Nani huyu?"

"Jengo zima wanamwita Mzee Lifti," alijibu Sajenti, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mwepesi. "Alikuwa fundi wa lifti mpaka alipostaafu. Mgane. Maisha yake yote kawapandisha watu juu, halafu yeye kajichagulia kukaa chini."

"Kakutwa na nani?"

"Jirani wa mlango unaofuata. Bibi mmoja mstaafu. Ana ufunguo wa akiba. Alisikia kishindo, akasubiri amsikie mzee akikohoa, hakusikia kitu. Ndipo akaja."

Inspekta akatazama jikoni. Kikombe kimoja, sahani moja na kijiko kimoja vilikuwa vimeoshwa na kupangwa vizuri. Viti vilikuwa viwili, lakini cha pili kilikuwa kimesukumwa chini ya meza hadi kikagusa ukuta, kama kiti ambacho hakijakaliwa siku nyingi. Karibu na bomba la maji ya moto palikuwa na rafu, na juu yake chupa zenye vizibo vya kubana kwa waya zilikuwa zimejipanga kama askari wa gwaride. Chini ya rafu, mtungi mkubwa wa kioo ulikuwa umepinduliwa ukauke.

"Mvinyo wa matufaha na asali," alisema Sajenti. "Alikuwa anautengeneza mwenyewe."

"Mlango ulivunjwa?"

"Hapana, afande. Na hakuna kilichoibwa. Ila mlinzi amemwona mwanaume akitoka kwenye ukumbi huu asubuhi, anakaza mwendo. Tumemkuta kwenye kibanda cha chai hapo barabarani. Ni mwanawe wa kumzaa."

"Anakunywa chai?"

"Ameiagiza tu, afande. Hajaigusa."

Mtu apigwe chupa hadi afe, mwanawe aonekane akitoroka. Kesi kama hiyo wakubwa wanaipenda, maana inaisha kabla ya chakula cha mchana. Inspekta alikuwa karibu kuipenda na yeye. Kisha akainua macho. Kwenye ubao wa dari, juu kabisa ya mahali alipoangukia mzee, kilikuwa kimenasa kizibo cha chupa pamoja na waya wake.

"Sajenti, ukimpiga mtu chupa ya kichwa, kizibo kinaruka kwenda darini?"

Sajenti akatazama juu. Akatoa simu, akakipiga picha kizibo.

*

Jirani aliwakaribisha kwa chai. Watu walimwita Bi Subiri. Alikuwa amefanya kazi ya kupokea simu hospitalini miaka mingi, na neno alilowaambia watu kutwa kucha lilikuwa hilo hilo: subiri kidogo. Siku aliyostaafu walimpa saa ya ukutani na jina likabaki lake.

Sebule yake ilipakana na jiko la marehemu. Kiti chake cha kukalia kilikuwa kimeegemezwa kwenye ukuta huo, ingawa dirisha na mwanga vilikuwa upande wa pili.

"Sukari sitii, naweka asali," alisema, akikoroga kikombe cha Inspekta kabla hajaulizwa. "Dada yangu huniletea. Ni nyeusi, msiiogope."

Ilikuwa nyeusi kweli, na ilikuwa na uchungu kwa mbali. Inspekta alimaliza kikombe chote. Ilikuwa siku nyingi tangu mtu amkorogee chai.

"Tuambie kuhusu huo mvinyo wake, mama."

Uso wa Bi Subiri ukachangamka kidogo. "Ananunua juisi ya tufaha, anatia asali yake ya dukani, ile nyeupe, na hamira kidogo. Anamimina mtungini. Juu anaweka kizibo chenye kibomba cha maji, ili mtungi upumue bila kuingiza wadudu. Basi unachemka wenyewe, bila moto. Unasikia blu, blu, blu. Mpaka mimi huku nilikuwa nausikia."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka usinzie. Ukiacha kutoa mapovu anasema umelala. Ukilala anautia kwenye chupa."

"Alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Nani agombane na yule? Labda mwanawe." Akashusha kikombe. "Mwanawe alikuwa anamtaka ahame, akaishi naye kule anakofanya kazi. Kila akipiga simu ni hilo hilo. Mzee akawa anamjibu, 'Nina mtungi unachemka. Sihami mpaka ulale.'"

"Na ukalala?"

"Huu ulichelewa," alisema Bi Subiri. "Ulichelewa sana." Akainuka kwenda kuongeza maji ya chai, ingawa birika lilikuwa limejaa.

*

Mtoto wa marehemu alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza kumchungulia masikioni. Alikaa kwenye chumba cha mahojiano mikono imebanwa kati ya magoti.

"Ulifika lini?"

"Leo asubuhi. Nimesafiri usiku kucha."

"Mlinzi amekuona ukitoka. Ulimfanya nini baba yako?"

"Sikuingia ndani, afande."

"Umesafiri usiku kucha uje kuutazama mlango?"

Mwanaume akatazama sakafu.

"Jana jioni mlifokeana kwenye simu. Mama wa ghorofa ya pili amemsikia mzee akipiga kelele, 'Nimeamua!' Aliamua nini?"

"Mambo ya nyumbani hayo."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, bwana. Baba yako yuko chumba cha maiti. Mambo ya nyumbani yamekwisha, haya sasa ni ya serikali."

Mwanaume macho yakamjaa machozi, akayafuta kwa kiganja haraka haraka kama mtu anayeondoa jasho. "Niwekeni ndani," alisema. "Sina la kusema."

Wakamweka ndani. Nje ya chumba Sajenti akatikisa kichwa. "Huyo ana hatia, afande."

"Ana hatia," alikubali Inspekta. "Ila sijui kama ni hatia yetu."

Jioni hiyo alirudi kwake. Kama kawaida, aliwasha televisheni kabla ya kuvua viatu, si kwa kuitazama, ila nyumba iwe na mtu anayeongea. Alikula mkate amesimama. Akakumbuka kile kiti kilichokuwa kimegandamizwa ukutani kwa mzee, akajiuliza ni nani aliyekuwa akikikalia, na kwa nini aliacha. Swali hilo halikumpa usingizi wa maana.

*

Daktari wa uchunguzi wa maiti hakuzungusha maneno. "Hakupigwa. Kichwani hana hata nundu. Kipande cha kioo kimeruka kutoka chini kwenda juu, kimekata mshipa mkubwa wa shingo. Mkono wa kulia una vipande vidogo vidogo kiganjani. Chupa ilikuwa mkononi mwake mwenyewe, kaiinua usawa wa uso. Imepasuka."

"Chupa inapasukaje yenyewe?"

"Hilo si langu. Muulize mkemia."

Mkemia wa maabara alikuwa na plasta kwenye kidole na alama ya maji ya dhahabu kwenye dari ya ofisi yake. Alikuwa amekasirika.

"Mmeniletea mabomu," alisema. "Ningefungua ya kwanza bila kuifunika taulo, sasa hivi mngekuwa mnanizika. Mvinyo ukishatulia, ukaufunga, hauna neno. Lakini ukiutia utamu mpya, hamira inaamka na kuanza kula. Ikila inatoa gesi. Kwenye chombo kinachopumua, gesi inatoka. Kwenye chupa iliyofungwa itoke wapi? Na zimewekwa kando ya bomba la maji ya moto."

"Kwa hiyo mzee alikosea. Alitia asali tena."

"Mzee aliifahamu kazi yake. Mtungi wake nimeupima, chini kuna mashapo ya mvinyo uliotulia vizuri kabisa. Asali imetiwa baadaye, chupa moja baada ya nyingine. Imechuruzika kwenye shingo za chupa ikagandia pale. Na si ile ya kabatini kwake. Ya kwake ni nyeupe. Hii ni nyeusi, chungu kidogo ukiionja."

Inspekta hakuhitaji kuionja. Ladha yake alikuwa nayo ulimini tangu jana.

"Alama za vidole?" aliuliza, na sauti yake ikatoka chini kuliko alivyotaka.

Sajenti akajibu badala ya mkemia. "Zipo, afande. Za mzee zipo kwenye kioo. Lakini kwenye asali yenyewe, ile iliyogandia shingoni mwa chupa, kuna vidole vya mtu mwingine. Vidogo. Si vya mwanawe."

*

Inspekta alimtoa mtoto wa marehemu mahabusu mwenyewe. Alimpa maji, akakaa upande mmoja naye wa meza, si ng'ambo.

"Baba yako hakuuawa na wewe. Najua. Sasa niambie kile ulichokuwa unakionea aibu."

Mwanaume alikunywa maji yote kwanza.

"Alinipigia kuniambia hahami. Nilikuwa nimeshamtayarishia chumba, afande. Nimekipaka rangi mwenyewe. Akaniambia, 'Mwanangu, sihami leo wala kesho. Nimeamua.' Nikamuuliza, ni ule mtungi wako tena? Akacheka. Akasema mtungi ulishalala zamani, asingeutia kwenye chupa kama bado angehitaji kisingizio. Akasema, 'Kuna mtu huku hataki niondoke. Kila mtungi ukilala anakuja kuuamsha. Anadhani sijui. Mimi nimeonja asali maisha yangu yote, nisijue asali ya mtu?'"

"Alimtaja?"

"Sikumpa nafasi. Nikafoka. Nikamwambia mgeni amekuwa bora kuliko mwanao. Na yeye akafoka. Nikamkatia simu." Akaikunja bilauri ya plastiki mkononi mpaka ikapasuka. "Nikapanda basi nije nimwombe radhi. Nikafika mlangoni, maneno yakanipotea. Nikasema ngoja nikanywe chai kwanza niyapange. Hiyo chai, afande. Hiyo chai ndiyo iliyoniponza."

Inspekta alitaka kumwambia kwamba asingeweza kufanya lolote. Hakuwa na hakika kama ni kweli, kwa hiyo alimwekea mkono begani akaacha hivyo.

*

Bi Subiri alifungua mlango kabla hawajagonga. Alikuwa amevaa vizuri, na juu ya meza palikuwa na mkoba uliofungwa.

"Nilijua mtarudi," alisema. "Asali ile niliiona ulivyoinywa."

"Mama, huna lazima ya kusema chochote. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutolewa mahakamani. Unaelewa?"

"Naelewa, baba. Kaa. Sajenti, kaa na wewe mwanangu, usiandike umesimama."

Wakakaa.

"Ni wewe uliyetia asali kwenye chupa za mzee?"

"Ni mimi."

"Na kwenye mtungi kabla ya hapo?"

Akashtuka. "Mmejuaje ya mtungi?"

"Tueleze tu."

"Mara ya kwanza haikuwa hila." Alikuwa akiongea taratibu, ile sauti ya kazini, safi, kila neno linasikika. "Alikwenda kliniki ya macho, akaniachia ufunguo nimwagilie maua. Nikakaa kwenye kiti changu pale jikoni nikausikiliza mtungi. Ulikuwa kimya. Nikasema basi, umelala, sasa anafunga virago. Nilikuwa nimembebea asali kidogo ya chai. Nikaimimina yote mtungini. Kesho yake akanigongea ukuta. 'Bi Subiri, njoo uone, umeamka!' Tukakaa mbele ya ule mtungi jioni nzima tunatazama mapovu yakipanda. Tulicheka, baba. Sikumbuki hata tulicheka nini."

"Ukarudia."

"Kila ulipolala. Mtu akishastaafu simu yake hailii. Mimi niliyeunganisha mji mzima, yangu ilikuwa inalia wakikosea namba. Ukuta huu ndio ulikuwa na mtu nyuma yake. Akikohoa, namwambia pole kutoka huku. Akiwasha redio, nawasha na mimi stesheni ile ile. Ningemwachaje aende?"

"Kwa nini hukumwambia usiende?"

Bi Subiri alimtazama kama amemuuliza swali la kitoto. "Ningemwambia mimi kama nani? Sikuwa mkewe. Sikuwa dada yake. Mtoto anamwita babake, jirani aseme hapana?"

Sajenti aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitu kwenye mfuko.

"Halafu chupa," alisema Inspekta.

"Nilishikwa na homa, nikalala ndani siku kadhaa. Nilipoinuka nikaingia kwake yeye hayupo, nikakuta mtungi umeoshwa, umepinduliwa. Chupa zote rafuni. Nikasema huyu anaondoka na hata hajaniambia. Nikazifungua moja moja, kila moja nikaitia vijiko viwili. Nilijua ataona mapovu. Ataona hazijalala, atazirudisha mtungini, atasubiri. Yeye ndivyo alivyo, jambo nusu haliwezi."

"Hukujua zitapasuka?"

"Mtungi haukuwahi kupasuka."

"Mtungi ulikuwa unapumua, mama."

"Nilisahau," alisema. Akarudia kwa sauti ndogo zaidi, "Miaka yote nimekaa naye, kaniambia mara mia ule mtungi unapumua, na mimi nikasahau chupa haipumui."

Kwa mbali, nyuma ya ukuta, hapakuwa na sauti yoyote. Wote watatu walijikuta wanasikiliza.

"Baada ya hapo mlionana?"

"Sikwenda tena. Niliona haya, na nilikuwa na hasira naye. Nilimsubiri aje kusema chupa zina mapovu. Hakuja kusema. Macho yake yalishakuwa mabovu, nafikiri hakuona. Asubuhi ile ndiyo akainua moja kuitazama dirishani."

Sajenti alimsomea maelezo yake. Bi Subiri akasahihisha neno moja, akatia sahihi kwa mwandiko mzuri wa ofisini. Kosa lilikuwa kuua bila kukusudia. Inspekta alimweleza atakavyopelekwa na atakayeweza kumwekea dhamana. Alisema hana wa kumwekea, labda dada yake, naye yuko mbali.

Kazi ya Inspekta ilikuwa imekwisha. Alikuwa na maelezo ya kukiri, alikuwa na sababu, alikuwa na vielelezo. Angeweza kuinuka. Lakini yule mama alikuwa ameshika mkoba wake magotini, hainuki, na kuna kitu alitaka kuuliza.

"Mwanawe amekwambia alikuwa amhamishe lini?" aliuliza. "Nataka tu kujua. Ilikuwa wiki hii?"

Inspekta akasogeza kiti karibu naye. Kunyamaza kungekuwa rahisi. Lakini siku ya kesi mtoto wa marehemu angesimama kwenye kizimba cha mashahidi na kuyasema yote mbele ya watu wasiomjua mama huyu, wengine wakipiga miayo. Afadhali ayasikie hapa, kwenye kiti chake.

"Alikuwa hahami, mama."

"Nani?"

"Mzee. Alimpigia mwanawe jioni ile kumwambia anabaki. Ndiyo sababu walifokeana. Alijua unautia asali mtungi. Alijua siku zote, alionja asali yako. Aliutia kwenye chupa kwa sababu alishaamua kubaki, hakuwa na haja ya kuusubiri tena."

Bi Subiri hakulia. Aliuweka mkoba sakafuni.

"Nilimsikia," alisema hatimaye. "Ukutani. Alikuwa anasema 'Nimeamua, nimeamua.' Nikajua ameamua kwenda."

"Ameamua kubaki."

"Mbona hakuniambia mimi?"

"Nadhani alitaka mwanawe ajue kwanza," alisema Inspekta. "Kisha angekuja kwako."

Bi Subiri akageuka taratibu akautazama mlango wake.

"Alikuja," alisema. "Baada ya ile simu. Aligonga. Nilikuwa nimekaa hapa hapa, nikazima redio adhani sipo. Akagonga tena. Nikashika pumzi mpaka akaondoka."